Singer 15K, 201K, 66K au 28K: Cherehani Ipi ya Zamani Inafaa Kununuliwa na Kufufuliwa

Cherehani nyeusi za chuma zenye maandishi ya dhahabu bado ni nyingi Afrika Mashariki. Ziko kwenye baraza za mafundi, chini ya vitanda vya bibi zetu, katika stoo za shule na misheni zilizowahi kufundisha ushonaji, na katika maduka ya mitumba ambako hushushwa pamoja na makabati na baiskeli. Anayetaka kununua mojawapo kwa kawaida huambiwa na muuzaji aone inavyong'aa, naye huanza kukagua maua, rangi na meza. Mimi namshauri aanzie chini ya kitako, mahali ambapo ndoano, kipande kinachokamata uzi wa sindano, hukutana na uzi huo. Hapo ndipo aina moja inapoachana na nyingine, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama miaka kumi ijayo atapata bobini (kigurudumu kinachobeba uzi wa chini), kama mshono wake utavumilia shifoni na jinzi, na kama fundi wa mtaani kwake ataweza kuitengeneza bila kubahatisha.

Ulinganisho huu unahusu familia nne za Singer: 15K, 201K, 66K na toleo lake dogo la 99K, na 28K ambayo toleo lake kubwa ni 27K. Herufi K husimama badala ya Kilbowie, eneo la mji wa Clydebank huko Scotland ambako Singer ilijenga kiwanda kikubwa katika miaka ya 1880 na kukifunga mwaka 1980. Kituo cha treni kilichokuwa kikiwashusha wafanyakazi wa kiwanda hicho kinaitwa Singer hadi leo. Nitazungumzia pia cherehani za Kichina za Butterfly, kwa sababu mnunuzi wa hapa kwetu hawezi kupima bei ya Singer ya zamani bila kuiweka kando ya Butterfly.

Kujua iliyo mbele yako ni ipi

Muuzaji akisema "hii ni Singer ya mkoloni", hajakwambia kitu cha kukusaidia. Cherehani nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikuandikwa jina la modeli mahali popote, na namba iliyogongwa kwenye kitako upande wa kulia ni namba ya utambulisho, si jina la aina. Namba hiyo husaidia kujua umri: ikianza na herufi mbili ambazo ya kwanza ni E, kama EA au EG, cherehani ilitoka Clydebank kuanzia katikati ya miaka ya 1930, ikianza na herufi moja kama F au Y, ni ya kabla ya hapo. Nembo ya shaba yenye ukingo wa buluu na miaka 1851–1951 ni ya kumbukumbu ya kampuni kutimiza miaka mia moja. Haiongezi ubora wowote, ingawa wauzaji huitaja kana kwamba inaongeza.

Aina yenyewe hutambuliwa kwa bobini. Kama bobini inasimama wima ndani ya kikasha kidogo cha chuma kinachochomolewa upande wa kushoto, chini ya sindano, hiyo ni 15K au nakala yake. Kama inalala chali chini ya kibati kinachoteleza karibu na mguu wa kukandamiza kitambaa, ni 66K, 99K au 201K, na hapo zungusha gurudumu taratibu kwa mkono huku ukitazama ndani: ndoano ya 66K na 99K huenda na kurudi, bali ya 201K huzunguka daima upande mmoja bila kurudi nyuma. Kama kuna vibati viwili vinavyoteleza, kimoja mbele na kingine nyuma, na chini yake kuna kitu chenye umbo la risasi kilichobeba bobini nyembamba na ndefu, hiyo ni 27K au 28K.

Kipimo hicho cha gurudumu huchukua muda mfupi sana na kinatosha kukuepusha na kosa la kulipia 66K bei ya 201K, kwa maana kwa nje hizo mbili hufanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyezishonea.

15K na 201K

Hizi ndizo mbili ambazo mtu wa kazi hujikuta akichagua kati yake, na majibu yake hayafanani kwa watu wawili.

Ubora mkubwa wa 15K ni kwamba dunia nzima iliiga. Baada ya vita, viwanda vya Japani vilikubaliana kutengeneza cherehani zenye vipimo vya Singer 15 na kuziuza nje kwa majina mengi ya biashara, na Wachina wa Shanghai wakafuata vipimo hivyohivyo katika Butterfly ambayo kila fundi wa Tanzania na Kenya anaijua. Kwa hiyo anayemiliki 15K iliyotoka Clydebank kabla babu yake hajaoa anaingia katika duka la vipuri Kariakoo, anaomba bobini, kikasha cha bobini, ndoano au springi ya kuvutia uzi, na anapewa cha Butterfly ambacho mara nyingi hukaa bila tatizo. Pengine kitahitaji kupitishwa msasa laini kidogo, lakini kipo, na bei yake haimtishi mtu. Hakuna cherehani nyingine ya umri huo yenye bahati hiyo.

Faida ya pili ni kwamba fundi yeyote anaifahamu. Kikasha cha bobini hutoka chote mkononi, ukaona springi yake, ukageuza skrubu ndogo na kupima mkazo wa uzi wa chini papo hapo: shika ncha ya uzi, kiache kikasha kining'inie, kisha tikisa mkono kidogo. Kikishuka kidogo na kusimama, mkazo ni mzuri. Kikiporomoka hadi sakafuni, uzi umelegea mno. Kisipotikisika, umekazwa kupita kiasi. Mwanafunzi wa ushonaji hujifunza jambo hili mara moja na halimpotei.

Kasoro ya 15K inatokana na ndoano yake inayoyumba. Kwa kuwa huenda na kurudi katika kila mshono, cherehani hutetemeka inapokimbizwa, na kelele zake husikika chumba cha pili. Matoleo ya mapema zaidi hayana lever ya kurudi nyuma, kwa hiyo mwisho wa mshono unafungwa kwa kugeuza kitambaa au kwa kufunga nyuzi kwa mkono. Matoleo ya baadaye yanarudi nyuma, na ningeongeza pesa kidogo kupata hilo.

201K ni cherehani ya daraja jingine. Ilitoka katika miaka ya 1930, na ilikuwa miongoni mwa cherehani za bei ya juu kabisa ambazo Singer iliwauzia watu wa nyumbani. Ndoano yake inazunguka mfululizo, na mzunguko huo hupelekwa kwa gia za chuma, si kwa fimbo zinazosukumana. Matokeo yake unayasikia kabla hujayaona: ikiwa na mafuta ya kutosha, 201K hutoa mlio mdogo ulio sawa tangu mwanzo wa pindo hadi mwisho. Kisha geuza kitambaa. Mshono wa chini unafanana na wa juu, matone ya uzi yamelala kwenye mstari mmoja, na ukitoka kwenye tabaka mbili za shifoni kwenda kwenye pindo la jinzi lenye tabaka sita huhitaji kugusa mkazo wa uzi ila kidogo sana. Kwa kola ya shati, kwa gauni la bibi harusi, kwa kanzu ambayo mshono wake utatazamwa kwa karibu na mtu anayejua, sijaona cherehani ya nyumbani ya Singer inayoishinda katika mshono ulionyooka.

Ila ikivunjika, umeingia katika subira. Ndoano ya 201K na gia zake haziuzwi katika maduka ya vipuri ya kawaida. Hupatikana kwa kuagiza au kwa kuchukua kutoka kwa cherehani nyingine iliyokufa. Ni kweli kwamba sehemu hizo huisha polepole mno, na 201K nyingi zilizoshona kwa miongo kadhaa bado zina gia zake za kiwandani. Lakini anayenunua ambaye tayari imegongwa au imefunguliwa na mtu asiyeijua anabeba hatari ambayo mwenye 15K hana. Bobini yenyewe si ile ya 15K. Ni ya 66, na tutaiona hapa chini inavyosumbua.

Jambo jingine la 201K ni kwamba kuna mbili. Ile ya chuma cha kusubu ni nzito na imepambwa kwa dhahabu. Nyingine, iliyoanza kutolewa mwaka 1954, ina mwili wa aluminiamu, haina mapambo mengi, na inabebeka. Ndani hushona vilevile. Mafundi wanaokwenda kushonea kwa wateja wangeitafuta hii ya pili, na kwa kuwa haipendezi macho kama ya kwanza, mara nyingi huachwa kwa bei ndogo.

Hukumu yangu ni hii. Anayeanza kibanda cha kushona sare za shule, mashati na vitenge, ambaye siku cherehani ikisimama na mapato yanasimama, achukue 15K. Anayeshona kazi chache za gharama, mahali pamoja, na ana uwezo wa kungoja kipuri, achukue 201K akikuta nzima. Wote wawili wajue kwamba hakuna kati ya hizi inayoshona zigizagi, na kwamba mshono ulionyooka hukatika kwenye vitambaa vinavyovutika kama vya tisheti.

66K na 99K

66K ni cherehani ya nyumbani, tulivu na ya kuaminika. 99K ni hiyohiyo iliyopunguzwa ukubwa, na mara nyingi utaikuta na mkono wa kuzungushia, ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha mviringo. Kwa mama anayefupisha sare za watoto, anayepinda kanga na kurekebisha mashuka, 99K inatosha kabisa, na kwa mtoto anayejifunza sijui cherehani salama kuliko ile ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa haiendi isipozungushwa.

Tatizo ni bobini. Bobini ya 66 na ya 15 zina upana unaokaribiana sana, na muuzaji wa vipuri asiye makini atakupa ya 15 akikuhakikishia kuwa "zote ni moja". Ziweke mezani uzitazame kwa ubavu: ya 15 ina pande bapa, ya 66 ina pande zilizobinuka kidogo kwa nje. Ya 15 ikiingizwa kwenye 66K, 99K au 201K hutoa mlio wa kugongagonga, mkazo wa uzi hubadilika ovyo, na mara nyingine uzi hunasa kabisa. Cherehani nyingi nzima zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya bobini moja isiyo yake. Ukikuta kwenye droo bobini tano au sita za asili, hiyo ni sehemu ya thamani ya unachonunua, na usiziache nyuma.

Angalia pia jinsi mguu wa kukandamiza kitambaa unavyofungwa. Katika 15K, 201K, 99K na 66K nyingi unafungwa kwa skrubu ya ubavuni na hubadilishana na ile ya cherehani nyingi za kisasa, kwa hiyo miguu ya zipu na ya kukunja pindo inapatikana. Baadhi ya 66 za mapema, hasa zilizotoka Marekani, hufungwa kwa nyuma, na miguu yake ni shida kuipata.

28K

Inunue kwa kuipenda. Ni nyembamba, michoro yake ni ya enzi ya Malkia Victoria, na chombo chake chenye umbo la risasi kinachoyumba mbele na nyuma kinapendeza kukitazama. Inashona vizuri kwa mwendo wa utulivu, hairudi nyuma, na haikuundwa kukimbizwa. Sharti ni moja: chombo hicho na angalau bobini moja ndefu viwemo ndani siku unayolipa. Bila hivyo, umenunua pambo.

Au ununue Butterfly mpya?

Hili swali huulizwa kila siku, na ni halali. Butterfly mpya ya kukanyaga inakuja na meza, mkanda, bobini na kila skrubu, na kama ilivyoelezwa, kwa muundo ni ndugu ya 15K. Tofauti iko katika umaliziaji. Chuma cha Clydebank kilisubiwa na kuchongwa kwa uangalifu ambao bei ya cherehani mpya ya leo hairuhusu; mashimo ya mihimili katika 15K yenye umri wa miaka sabini mara nyingi bado hayajapwaya, wakati Butterfly mpya inaweza kuhitaji fundi wa kuirekebisha meno ya kusukuma kitambaa na sahani ya sindano kabla haijashona sawasawa. Hata hivyo, 15K iliyochakaa ndani, yenye mhimili unaochezacheza, ni duni kuliko Butterfly mpya, hata kama nembo yake ni ya shaba halisi. Mtu asiyekuwa na fundi anayemwamini wala muda wa kuisafisha mwenyewe achague mpya. Mwenye wiki mbili tatu za jioni na chupa ya mafuta ya taa atapata cherehani bora zaidi kwa pesa ndogo.

Mkono, mguu au umeme

Aina moja ya kichwa, yaani cherehani yenyewe bila meza, inaweza kuendeshwa kwa njia tatu, na hili huamua matumizi kuliko wanunuzi wanavyodhani. Cherehani ya mkono inaacha mkono mmoja tu kwa kitambaa, nayo inatosha kwa nyumba. Ya mguu huacha mikono yote miwili, haiogopi umeme kukatika, na ndiyo ninayompendekezea fundi.

Ya umeme ina mambo mawili ya kuchunguza. Kwanza, zilizotoka Marekani hutumia volti 110, na zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 mota huungua. Za Uingereza kwa kawaida hazina tatizo hilo. Pili, mpira unaofunika nyaya za wakati huo huwa umekauka na kumomonyoka, kwa hiyo nyaya zote zibadilishwe kabla ya kujaribu, hata kama muuzaji anakuonyesha kwamba taa inawaka. Kuna pia 201K ambazo mota yake imeshikanishwa kwa gia moja kwa moja na mwili. Gurudumu lake halina mfereji wa mkanda, na haiwezi kugeuzwa kuwa ya mguu au ya mkono bila kubadilishiwa gurudumu na vinginevyo. Anayetaka kukanyaga aitafute 201K yenye mfereji.

Ukaguzi dukani

Nenda na vitu vinne: sindano mpya, uzi wa rangi mbili, kipande cha kitenge na bisibisi. Sindano ya cherehani zote nilizotaja ni ya kawaida ya nyumbani, ambayo pakiti zake huandikwa HAx1, 15x1 au 130/705H, na kichwa chake ni bapa upande mmoja. Sindano za viwandani za DBx1, ambazo kichwa chake ni cha mviringo, hazikai hapo, na utashangaa ni cherehani ngapi "mbovu" zina sindano hiyo ndani yake.

Upande wa bapa uelekee wapi? Katika 15K na 201K unaelekea kushoto na uzi huingia kutoka kulia; katika 66K, 99K na 28K unaelekea kulia na uzi huingia kutoka kushoto. Kanuni ni kwamba uzi huingia upande wenye mfereji mrefu, ulio mkabala na bapa. Sindano ikigeuzwa, ndoano haikamati uzi na cherehani haishoni hata mshono mmoja, nayo huenda ikapewa jina la kufa wakati imegeuziwa sindano tu.

Kabla ya kutia uzi, legeza nati kubwa ya duara katikati ya gurudumu na uzungushe: gurudumu linapaswa kuzunguka sindano ikiwa imetulia. Kaza tena, zungusha ukijielekezea, ukisikiliza pahala panapokwama katika kila mzunguko. Kukwama mahali palepale ni dalili ya kitu kilichopinda au uzi ulionasa. Uzito ulio sawa mzunguko mzima ni mafuta yaliyoganda tu, na hayo yanatibika. Shika chuma kinachobeba sindano ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza wazi, punguza bei au ondoka. Papasa meno ya kusukuma kitambaa kwa kidole: yawe na ncha, si laini kama kucha. Mwisho tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona kitenge kilichokunjwa mara mbili, kisha mara nne, na utazame pande zote. Vidoa vyekundu vikionekana chini, mkazo wa juu umelegea. Mishono ikiruka, badili sindano kwanza kabla ya kulaumu kingine chochote.

Kutu ya juu juu isikutishe, hasa kwa cherehani zilizokaa Mombasa, Tanga au Unguja ambako hewa ya chumvi hula vyuma vyote. Kutu iliyochimba ndani ya njia ya ndoano ndiyo ya kuogopa, kwa sababu uzi hunasa hapo daima. Na cherehani iliyopulizwa rangi mpya nyeusi ing'aavyo naiogopa zaidi: rangi huziba matundu ya mafuta, hufuta michoro ambayo hairudi, na yaweza kuficha ufa.

Kuifufua

Adui mkubwa wa cherehani ya zamani ni mafuta yasiyo yake. Mafuta ya kula, ya nazi au ya alizeti, hukauka yakawa gundi ya rangi ya kahawia, na cherehani ikakaza hata mtu akadhani imeoza. Oili ya gari nayo ni nzito mno. Tumia mafuta ya cherehani, mepesi na yasiyo na rangi, na hayo tu.

Iliyokaza hutiwa mafuta ya taa tone kwa tone katika kila tundu na kila kiungo, ikaachwa usiku kucha, kisha gurudumu likasukumwa mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono pekee. Usitumie spana kulilazimisha. Inaweza kuchukua siku kadhaa, na siku moja gurudumu litaachia polepole. Mafuta ya taa huyeyusha uchafu lakini hayalainishi, kwa hiyo baada yake futa yote na utie mafuta ya cherehani mara mbili tatu, ukiizungusha na kufuta yale meusi yanayotoka, mpaka yatoke meupe.

Kwa michoro ya dhahabu, tahadhari ni kubwa zaidi. Inalindwa na vanishi nyembamba ya shelaki, na spiriti huiyeyusha mara moja, huku sabuni kali na amonia zikiigeuza dhahabu kuwa ya fedha. Pamba iliyolowekwa mafuta ya cherehani, na subira, inatosha. Vyuma visivyo na rangi ndivyo vya kupitishiwa msasa laini.

Hapa pia aina hazifanani. 15K ndiyo rahisi kuifungua: pete inayoshika ndoano huachia, ndoano hutoka mkononi, na nyuma yake mara nyingi utakuta vipande vya uzi vya miaka mingi ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiikwamisha. Katika 66K na 99K chunguza kipande kidogo cha feliti (kitambaa kizito kilichoshindiliwa) katika njia ya ndoano. Kikikosekana au kikikauka, cherehani hupiga kelele. 201K iondolewe uchafu na itiwe mafuta bila kulegeza skrubu za gia, kwa sababu mpangilio wa gia ukisogea, sindano na ndoano hazikutani tena, na kuurudisha ni kazi ya mtu aliyeizoea.

Jambo dogo linalowasumbua wengi: ukifungua nati ya gurudumu, kuna washa yenye vijino ndani. Vijino viwili vya katikati vimepinda kuelekea nje, kwako. Ukiirudisha na gurudumu likakataa kuachia wakati wa kujaza bobini, itoe, izungushe nusu mzunguko, uirudishe. Kwa cherehani ya mguu, mkanda wa ngozi hurefuka kadiri unavyotumika. Ukianza kuteleza, kata kipande kidogo na uufunge tena kwa kibanio chake, usiununulie mwenzake.

Bei

Kuna uvumi unaopandisha bei bila sababu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu waliaminishana kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu cha kufikirika kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, na cherehani za kawaida zikatafutwa kwa pesa za kutisha. Hakuna zebaki nyekundu ndani ya cherehani yoyote. Muuzaji akianza kuzungumza kwa kunong'ona kuhusu kuitambua zebaki hiyo kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano, muage.

Pima bei kwa sehemu: kichwa peke yake, kisha meza na miguu ya chuma, kisha bobini, kikasha na miguu ya kushonea. Katika hizo, meza nzima ndiyo watu huidharau, ilhali 15K, 201K, 66K, 27K na Butterfly zote zina kitako cha ukubwa mmoja, takriban sentimita 37 kwa 18, na hukaa katika tundu lilelile la meza. 28K na 99K ni fupi na hazilijazi tundu hilo. Kwa hiyo ukikuta 15K yenye meza imara kwa bei inayokaribia 201K iliyo kichwa kitupu, nunua yenye meza, ianze kukulipa, na siku utakapopata kichwa cha 201K chenye mfereji wa mkanda, kifunge kwenye bawaba zilezile na 15K ihamie kwa mwanafunzi wako.